Oktani si Dawa ya Kusafisha Injini

Mheshimiwa mwenyekiti, mafundi wenzangu, madereva, wenye magari, na ninyi mliokuja kwa sababu mmechoka kupewa majibu tofauti kila mnapouliza: asanteni kwa kufika.

Nimeombwa kulijibu swali moja. Nikijaza petroli ya daraja la juu, ile yenye oktani kubwa na bei kubwa, je, injini yangu itabaki safi? Jibu nalitoa sasa hivi, ili atakayelazimika kuondoka mapema asiondoke mikono mitupu. Oktani haisafishi kitu. Kinachosafisha ni dawa inayochanganywa na petroli, na dawa hiyo inaweza kuwemo kwenye petroli ya oktani 91, ya 95 au ya 98, au isiwemo kwenye yoyote kati ya hizo. Namba iliyobandikwa kwenye pampu haikwambii lolote kuhusu dawa. Wanaobaki tuendelee, maana wanaoamini kinyume ni watu wenye akili zao timamu, na sababu zao zinastahili kusikilizwa.

Kwanza tuiweke oktani mahali pake: ni kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kubanwa bila kuwaka yenyewe.

Pistoni inapopanda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, na kitu kikibanwa kinapata joto. Plagi inatoa cheche, moto unaanza pale ilipo plagi na kusambaa kuelekea kingo za chumba cha mwako. Unasambaa kwa kasi lakini kwa utaratibu, hauwaki wote kwa mkupuo. Shida iko kwenye ule mchanganyiko wa pembeni kabisa ambao moto haujaufikia. Huo unabanwa na pistoni kutoka chini, na wakati huohuo unasukumwa na gesi zinazotanuka kutoka katikati. Joto lake likizidi unawaka wenyewe kabla ya zamu yake, wote kwa pamoja, na hapo ndipo unasikia ile kengele ya chuma tunayoiita injini kugonga. Ikigonga kidogo inakera. Ikigonga sana na kwa muda mrefu inatoboa pistoni.

Mhandisi wa Uingereza, Harry Ricardo, alilichunguza jambo hili miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, akaonyesha kwamba kugonga kunatokana na mafuta yenyewe yanavyowaka. Mwaka 1926 mkemia wa Marekani, Graham Edgar, akapendekeza kipimo. Alichukua vimiminika viwili. Kimoja, isooktani, kinavumilia mbano sana, akakipa 100. Kingine, heptani, kinagonga upesi, akakipa sifuri. Petroli inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa isooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5 ndiyo tunayoiita petroli ya oktani 95. Habari yote iliyomo ndani ya namba hiyo ni hiyo tu. Katika kuipima hakuna anayefungua injini kutazama kama kuna masizi.

Nipite haraka kwenye jambo moja linalowachanganya wanaosoma maandishi ya nchi za mbali. Marekani na Kanada pampu zao zinaonyesha wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON, kinachopimwa injini ikiwa na kazi nyepesi, na MON, ikiwa na kazi ngumu zaidi. Nchi nyingi nyingine zinaonyesha RON peke yake, ambacho kwa kawaida husoma juu zaidi. Kwa hiyo petroli ya aina ileile inaweza kuandikwa 95 upande mmoja na 91 hivi upande mwingine. Mtu akikuambia mafuta ya Marekani ni dhaifu, mwulize anasoma kipimo gani.

Na oktani si nguvu. Lita moja ya petroli ya oktani 98 haina moto mwingi zaidi ya lita ya 91 kwa sababu tu ya namba. Injini iliyotengenezwa kwa mbano mkubwa, au yenye turbo inayoshindilia hewa, ndiyo inayoweza kuitumia hiyo oktani kuzalisha nguvu, maana inathubutu kubana zaidi au kuwasha cheche mapema zaidi bila kugonga. Injini ambayo haikujengwa hivyo inaipokea 98 na kuichoma kama ingevyoichoma 91.

Sasa tuje kwenye uchafu wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanazungumzia injini chafu bila kujiuliza uchafu huo uko wapi na umefikaje hapo.

Anzeni na nozeli. Mdomoni mwake kuna matundu yenye upana wa sehemu ndogo tu ya milimita, na kazi yake ni kunyunyiza petroli iwe kama ukungu. Wengi wanadhani nozeli huchafuka gari likiwa barabarani. Kwa nozeli za kawaida, zile zinazopuliza kwenye njia ya hewa nyuma ya vali, sehemu kubwa ya uchafu hujengeka ukishazima gari. Injini inapofanya kazi, petroli inayopita inaipoza nozeli. Ukizima, petroli inasimama, joto la injini linapanda juu, na lile tone lililobaki mdomoni mwa nozeli linaanza kupikwa. Sehemu nyepesi zinakuwa mvuke na kuondoka. Zinazobaki ni zile nzito, pamoja na molekuli ziitwazo olefini, ambazo hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa utando mgumu wa rangi ya kahawia, kama vanishi. Washa, zima, washa, zima, safari za dakika kumi kumi mchana kutwa: hakuna namna nzuri zaidi ya kuziba nozeli. Gari linalokwenda safari ndefu kila siku linaweza kuwa na kilomita nyingi na nozeli safi kuliko gari la jirani linalotoka kwenda sokoni na kurudi.

Nozeli ikianza kuziba haitoi tena ukungu. Inatoa mkondo, au inachirizika. Silinda moja inapata petroli pungufu, nyingine inazidishiwa, mngurumo wa injini hautulii gari likiwa limesimama, gari linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, likiwa la baridi, na matumizi ya mafuta yanapanda.

Kisha kuna vali za kuingiza hewa. Fundi yeyote aliyewahi kushusha silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, anaijua sura yake: mgongo wa vali umevaa ukoko mweusi, mkavu, wenye vinyweleo, mnene kiasi kwamba ile shingo nyembamba haionekani tena. Ukoko huo unapunguza njia ya hewa, ndiyo, lakini kero yake ya kila siku iko kwingine. Unanyonya petroli. Asubuhi unawasha gari, nozeli inapuliza kiasi kilichopangwa, na sehemu ya petroli hiyo inaishia kwenye ukoko badala ya kuingia silinda. Injini inabaki na hewa nyingi na petroli haba, inasitasita ukikanyaga mafuta. Baada ya muda ukoko umeshiba, unaanza kuirudisha petroli ile wakati haitakiwi. Kompyuta ya gari inahangaika kusawazisha kitu isichokiona. Mwenye gari anabadilisha plagi, anabadilisha koili, anabadilisha pampu, na mgonjwa ni vali.

Mahali pa tatu ni chumba cha mwako chenyewe, juu ya pistoni na kwenye paa la silinda hedi. Hapo nitarudi, maana ndipo ilipo siri ya swali letu la leo.

Dawa inafanyaje kazi? Molekuli yake imeundwa kwa kichwa na mkia, mfano wa sabuni ya kawaida inavyoshughulika na mafuta ya sufuria. Kichwa kina nitrojeni na kinapenda kung'ang'ania uchafu na chuma. Mkia ni mrefu na unapenda petroli. Vichwa vikishika chembe ya uchafu, mikia inaivuta iingie kwenye petroli, nayo inakwenda kuchomwa na kutoka kwa ekzosi. Vichwa vingine vinajipanga juu ya chuma kisafi na kuzuia uchafu mpya usikalie. Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana, sehemu mia kadhaa tu katika kila milioni ya petroli. Dawa zinazosifika zaidi siku hizi ni za jamii ya polietheramini, ambayo mafundi wanaijua kwa herufi zake, PEA. Ubora wake ni kwamba inastahimili joto mpaka inafika chumba cha mwako ikiwa bado ina kazi ya kufanya. Ziko dawa nyingine za zamani zilizosafisha vali vizuri huku zenyewe zikiongeza ukoko juu ya pistoni.

Dawa hii haitoki kisimani na mafuta, wala kwa kawaida haichanganywi kiwandani. Petroli ya kampuni mbili zinazoshindana mara nyingi hutoka meli moja, bomba moja, tangi moja la depo. Lori la mafuta linapopakia, mashine inapima dawa ya kampuni husika na kuidunga humo humo. Lori linalofuata linapakia petroli ileile na dawa nyingine, au dozi ndogo zaidi, au bila dawa. Tofauti kati ya kituo kimoja na kingine inaingia katika dakika hizo chache za kupakia.

Marekani walilitungia jambo hili sheria. Nozeli zilipochukua nafasi ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya hewa na petroli, katika miaka ya 1980, malalamiko ya kuziba yakawa mengi, na kuanzia Januari 1995 EPA, mamlaka yao ya mazingira, ikadai kila petroli inayouzwa iwe na dawa ya kusafisha. Tazameni vizuri: kila petroli, ya daraja la chini na la juu. Lakini kiwango cha chini kilichowekwa kilikuwa cha chini kweli, na baadhi ya kampuni zilizokuwa zikitia dawa nyingi zikapunguza hadi hapo palipotakiwa na sheria. Watengenezaji wa magari hawakuridhika. Mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota wakaanzisha kiwango chao wenyewe, Top Tier, chenye masharti makali zaidi, na baadaye wengine wakajiunga. Sharti mojawapo linajibu swali letu moja kwa moja. Kampuni ikitaka alama ya Top Tier ni lazima petroli zake za madaraja yote zifikie kiwango. Haikubaliki kutia dawa kwenye ya bei ghali na kumnyima mnunuzi wa ile ya kawaida.

Wanapimaje? Kwa mizani. Kipimo kimoja kinaendesha injini ya Ford ya lita 2.3 kwa saa 100 kwenye mashine ya majaribio. Vali zimepimwa uzito kabla, zinapimwa tena baada ya saa hizo, na tofauti ndiyo ukoko, kwa miligramu. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilichapisha matokeo ya majaribio ya namna hii. Baada ya mwendo wa mfano wa maili 4,000, petroli zisizo za Top Tier ziliacha kwa wastani ukoko mara 19 ya zile za Top Tier. Mara kumi na tisa! Na tofauti hiyo ilifuata dawa.

Sasa, kwa nini imani hii haifi?

Sababu ya kwanza ni ya kibiashara, na ina ukweli ndani yake. Kampuni nyingi hutia dawa nyingi zaidi kwenye petroli ya daraja la juu na kuitangaza kwa picha za pistoni zinazong'aa. Penye mpangilio huo, anayenunua daraja la juu anapata usafi zaidi kweli. Amenunua vitu viwili vilivyofungwa pamoja, uvumilivu wa mbano na dawa, na injini yake huenda inahitaji kimoja tu. Mimi sina ugomvi na mtu huyo, hasa ikiwa mahali anapojazia petroli ya kawaida haina dawa yoyote. Ninachotaka ajue ni kile anacholipia, ili siku akikuta petroli ya kawaida yenye dawa nzuri asiipite akidhani ni duni.

Sababu ya pili inanivutia zaidi, kwa sababu inatokana na masikio ya dereva mwenyewe. Mtu ana gari lenye umri. Limeanza kugonga likipanda mlima. Anajaza oktani kubwa, kugonga kunaisha, gari linavuta vizuri. Anasema: imesafisha injini. Utambishia vipi mtu aliyesikia kwa masikio yake?

Turudi kwenye chumba cha mwako kama nilivyoahidi. Ukoko ukijengeka juu ya pistoni unachukua nafasi, na nafasi ikipungua mbano unaongezeka. Lakini kubwa zaidi ni joto. Ukoko ni kizuizi cha joto: chuma kingelichukua joto na kulipeleka kwenye maji ya kupoza, ukoko unalizuia na kulirudisha kwa mchanganyiko mpya unaoingia. Mchanganyiko unaanza safari yake ukiwa tayari na moto, kwa hiyo unafika upesi kwenye kugonga. Injini ambayo ilipotoka kiwandani iliridhika na oktani 91 sasa inadai namba kadhaa zaidi. Wahandisi wanalijua jambo hili tangu zamani na wanalipimia. Kwenye magari ya kabureta lilikuwa na dalili ya ajabu: unazima swichi, unatoa ufunguo, na injini inaendelea kuzunguka kwa kutapatapa, kwa sababu vipande vya kaboni vilivyo vyekundu kwa moto vinawasha petroli bila cheche.

Kwa hiyo dereva wetu hakudanganywa na masikio. Oktani kubwa imevumilia joto la ukoko. Ukoko bado upo palepale. Akirudi kwenye petroli ya kawaida kugonga kunarudi, naye anasema, si mnaona, ile ya kawaida imeichafua tena! Kwenye magari ya sasa hata hasikii, kwani kuna sensa inayosikiliza kugonga na kompyuta inachelewesha cheche papo hapo. Anachohisi ni uzito tu ukikanyaga, na wepesi kurudi akijaza ya juu. Hitimisho lake linakuwa lilelile.

Tena kuna nyakati ambapo kuongeza oktani kumechafua injini. Mfano mkubwa ni risasi, ile metali nzito. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi kwenye maabara ya General Motors, aligundua kwamba kiasi kidogo cha kampaundi ya risasi kinazuia kugonga. Oktani ilipanda kwa gharama ndogo, na dunia nzima ikaifuata. Lakini risasi ikiungua inaacha majivu ya metali kwenye plagi na vali, mengi kiasi kwamba ilibidi watie kemikali nyingine, yenye bromini, ili kuyafanya majivu hayo yawe mvuke na kutoka na moshi. Yalitoka kweli, yakaingia vifuani na damuni mwa watu, watoto hasa. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari, Julai 2021. Karne nzima, basi, oktani ilipandishwa kwa kitu kilichokuwa uchafu mtupu.

Risasi imeondoka, na tabia haijaondoka yote. Baadhi ya chupa zinazouzwa kama za kupandisha oktani zina manganizi au chuma. Ukichomoa plagi za gari lililotumia vitu hivyo utaona kauri nyeupe imepakwa rangi ya kutu, nyekundu au chungwa. Utando huo unaweza kupitisha umeme, cheche ikakosa kuruka inapotakiwa, na injini ikamisi. Watengenezaji wa magari wanazipinga kampaundi za metali kwenye petroli kwa sababu hiyo na kwa ajili ya kulinda katalista, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachopunguza sumu ya moshi. Mwenye gari amenunua chupa, oktani imepanda, plagi zimeharibika.

Ethanoli, yaani alkoholi, nayo ina oktani ya juu, zaidi ya 100, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuichanganya na petroli. Haileti usafi kwa hilo. Sifa yake ya kung'oa takataka za zamani kwenye tangi inaweza hata kukuzibia filta siku za mwanzo, na lita yake ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko ya petroli. Hilo ni somo la siku nyingine.

Kuna wenye magari mapya humu ambao tangu nianze wanaona mambo haya yanawahusu moja kwa moja. Kwa upande wa vali, hayawahusu, na si habari njema. Injini nyingi za sasa zinapuliza petroli ndani ya silinda yenyewe. Mitsubishi waliliingiza sokoni gari la namna hiyo lenye udhibiti wa kompyuta mwaka 1996, na leo ni jambo la kawaida. Fikirieni njia ya petroli. Zamani ilipulizwa nyuma ya vali, ikaigusa na kuiosha kila mara. Sasa haipiti kabisa kwenye vali ya kuingiza hewa. Unaweza kujaza petroli yenye dawa bora kuliko zote duniani, oktani 100, kila wiki, na vali isionje hata tone. Ukoko unaojengeka huko unatokana na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka chini ya injini pamoja na moshi wa ekzosi unaorudishwa ndani kupunguza sumu. Hapo dawa ya tangini haina la kufanya. Mafundi wanafungua manifoldi, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, na kupuliza vali kwa maganda ya walnati yaliyosagwa, ambayo ni magumu ya kutosha kukwangua kaboni na laini ya kutosha kutokwaruza chuma. Toyota na wengine wamepita njia tofauti, wanaweka nozeli za aina mbili kwenye injini moja, moja ndani ya silinda na nyingine nyuma ya vali, na vali inaoshwa kama zamani.

Hata hivyo msiitupe dawa. Mdomo wa nozeli ya ndani ya silinda unakaa kwenye moto wenyewe, na masizi yanaufuata huko. Dawa nzuri inausaidia. Ni vali tu ambazo zimeachwa nje.

Mtanieleza: mwalimu, tununue ipi basi? Fungueni kitabu cha gari, au kibandiko kilicho ndani ya mfuniko wa tangi. Kikisema oktani fulani ni ya lazima, ifuateni bila ubishi, hasa kwa turbo, na mzigo mzito, na mlima. Kikisema inapendekezwa, gari litakwenda na ya chini yake, kompyuta itachelewesha cheche, utapoteza nguvu kidogo, uamuzi ni wako. Kikitaja ya kawaida, ya juu haikupi kitu kwa upande wa oktani. AAA hao hao mwaka 2016 walikadiria kuwa madereva milioni 16.5 wa Marekani walijaza daraja la juu kwenye magari yasiyolihitaji katika mwaka mmoja, na wakatupa zaidi ya dola bilioni 2.1. Hela hiyo ingenunua servisi nyingi.

Ukishapata oktani ya kitabu, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: petroli hii ina dawa ya kusafisha, na je, iko kwenye madaraja yote? Kampuni inayotia dawa nzuri haioni haya kusema, na kwa kawaida imeandika. Angalieni pia kama kituo kinauza kwa wingi. Petroli ya daraja la juu kwenye kituo ambacho hakuna anayeinunua inakaa kwenye tangi la chini ya ardhi, na petroli inayokaa inazeeka na kutengeneza gamu. Katika kituo kama hicho ile ya kawaida, inayoingia na kutoka, inaweza kuwa bora kwa injini yako kuliko ile ya fahari.

Nimalizie na chupa za dawa za kumimina tangini, maana najua mtauliza. Nyingi zinauzwa kwa maneno matamu. Tafuteni iliyoandikwa polietheramini au PEA, na kiasi kinacholingana na tangi lenu. Zimwageni tangi likiwa karibu tupu, kisha jazeni, ili petroli inayoingia izichanganye. Tembeeni tangi lile mpaka liishe, safari ndefu ikiwezekana, msiongeze mafuta katikati na kuipunguza makali. Na ifanyeni kabla ya kumwaga oili, isiwe baada. Sehemu ya dawa haiungui yote, hupita kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili, kwa hiyo panga chupa iishe, kisha peleka gari likabadilishwe oili na filta yake.